Mbao imenyongeka, imeingia bluu, imetoka mawimbi: tafuta kosa lilikoanzia

Mteja mmoja aliwahi kunirudishia mzigo mzima wa mbili kwa nne, siku kumi baada ya kuuchukua. Alichomoa ubao mmoja, akaushika ncha na kunielekezea jichoni kama mtu anayelenga bunduki. Ulikuwa umenyongeka kama pangaboi. "Msumeno wako mbovu," akasema. Msumeno ulikuwa mzima. Niligeuza ncha ya ubao, nikamwonyesha kile kidoa cha kahawia katikati, kiini cha mti, na pete zinazokizunguka. Ubao ule ulianza kunyongeka siku nilipolilaza gogo kwenye kitoroli bila kulitazama. Kosa lilikuwa langu kweli, ila si lile alilolidhani.

Tangu hapo, malalamiko yoyote yakija naanza na ncha ya ubao. Msumeno nautazama baadaye.

Ninayoyaandika hapa ni ya msindano na saipresi za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Msindano wetu wa kawaida, Pinus patula, asili yake ni Meksiko. Ndio uliojaa Mufindi, kuanzia mashamba ya watu binafsi hadi shamba la Serikali la Sao Hill, lenye zaidi ya hekta 135,000. Lakini nawafikiria hasa wale wanaopata miti mikubwa ya zamani: saipresi ya uwanja wa kanisa iliyokatwa kwa kuogopa upepo, msindano wa mpakani mwa shamba la chai, mti unaozidi sentimita 70 kwa kipenyo. Mti wa namna hiyo una mbao nzuri kuliko zote utakazowahi kupasua, na una mitego yake.

Unene haulingani

Chukua ubao wa futi 12, upime unene sehemu tano, kila baada ya futi tatu. Andika namba pembeni kwa penseli. Watu wengi hupima ncha mbili tu, halafu wanaanza kubishana.

Unene ukipungua polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, msumeno hauna kosa. Ama reli za kitoroli haziendi sambamba na msumeno, ama gogo lilisogea baada ya mpasuo wa kwanza. Funga uzi kutoka kwenye msumeno kwenda mbele na nyuma, pima umbali wa reli. Kazi ya nusu saa.

Unene ukipanda na kushuka kama mawimbi, tazama mawimbi yako wapi. Yakiwa kwenye mafundo peke yake, meno ni butu au kijana anasukuma haraka. Fundo la saipresi ni gumu mno kuliko mbao inayolizunguka, na jino butu likifika hapo linatafuta njia rahisi ya kupita pembeni. Noa kwa tupa, halafu mwambie apunguze kasi fundo linapokaribia. Mawimbi yakiwa kila mahali, hata pasipo na fundo, msumeno umepata joto na kulegea katikati. Mara nyingi utaona madoa ya rangi ya samawati kwenye bapa lake. Hapo tupa haisaidii, unahitaji fundi wa misumeno anayejua kuupiga nyundo urudi kukaza. Usimpe mtu anayejaribu.

Msumeno ukivuta upande mmoja siku zote, meno ya kushoto na ya kulia hayakunolewa sawa. Hutokea sana pale mtu mmoja anaponoa akiwa amekaa upande ule ule kila siku: mkono unalalia upande mmoja bila yeye kujua. Akinoa leo kutoka kulia, kesho ahamie kushoto.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo. Shika kinachotoka chini ya msumeno. Kikiwa na punje kama chenga za mchele, meno yanakata. Kikiwa unga laini kama sembe, meno yanasugua, na dakika chache mbele msumeno utachemka. Msindano mbichi una nyuzi zenye maji zinazorudi nyuma baada ya kukatwa, kwa hiyo meno yake yanataka kupanuliwa zaidi kuliko ya kupasulia mninga mkavu. Mtu akikuletea msumeno uliotoka kwenye mbao ngumu, urekebishe kabla hujauwasha.

Gharama ya upana huo unaijua? Dingdong, ile mashine ya msumeno wa duara, inayokula milimita 7 kwa kila mpasuo, baada ya mipasuo minne imekula milimita 28, yaani ubao mzima wa inchi moja umekuwa vumbi. Msumeno wa mkanda hula milimita 2 au 3. Siwaambii watu watupe dingdong. Inatengenezeka porini kwa spana mbili, na wengi wetu ndiyo iliyotusomeshea watoto. Ila gogo kubwa la miaka arobaini kuligeuza vumbi kiasi hicho, mimi naumia.

Na tafadhali, mbili kwa nne iwe mbili kwa nne. Mbao mbichi ya msindano husinyaa, kwa hiyo ongeza milimita 2 hadi 3 juu ya inchi mbili. Zile zinazoitwa mbili kwa nne kule mjini ilhali ni moja na nusu kwa tatu na nusu, kenchi ya paa ndiyo inayolipa deni.

Gogo ni kubwa kuliko msumeno

Msumeno wa duara hukata kina kisichofika nusu ya kipenyo chake. Wa inchi 48, toa flanji (bamba linaloubana katikati) na meza, unabakiwa na inchi 18 hadi 20 hivi. Gogo likizidi, wengi hulipasua juu, wanalibiringisha, wanapasua chini na kuomba mipasuo ikutane. Mara nyingi haikutani, na unapata ubao wenye ngazi katikati. Afadhali uligawe kwanza kwa chenso vipande viwili au vinne, kisha upeleke kwenye mashine.

Chenso ikipasua kwa urefu huku inanguruma, injini inachemka na mnyororo unatoa unga mtupu, tatizo ni pembe ya meno. Mnyororo wa dukani umenolewa nyuzi 30 au karibu yake, kwa ajili ya kukata mti kwa upana. Kwa kupasua kufuata urefu, noa kwa nyuzi 10 hivi. Tofauti utaisikia kwenye sauti kabla hujaiona.

Gogo likianza kuubana msumeno nyuma, zima. Piga kabari kwenye mpasuo kila unapoendelea, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa msumeno, mbele wala nyuma. Nimeona ubao ukirushwa ukavunja bati la banda jirani. Ungekuta mtu, tungekuwa na habari nyingine.

Miti ya uwanjani ina vyuma. Kamba za nguo, mabango ya uchaguzi, waya wa uzio: yote hayo mti umeyameza. Kwenye ncha ya gogo tafuta kidoa cheusi au cha bluu iliyokoza kinachopanda kufuata nyuzi. Kiko hapo, msumari uko juu yake au chini yake. Mti uliogemwa utomvu nao kague kwenye shina, kwani vikombe vya kukingia utomvu hufungwa kwa misumari au waya. Kipande hicho cha chini mimi hukikata na kukiweka kando. Kimeloa utomvu, hakifai kwa mbao, lakini kinawasha moto hata wakati wa mvua.

Utomvu ukiganda kwenye msumeno na kuufanya uchemke, usiukwangue kwa bisibisi. Zima, paka mafuta ya taa kwa brashi, subiri, futa.

Mbao inanyongeka, inapinda, inajikunja

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, basi tukae kidogo.

Kwanza jina la ugonjwa. Laza ubao juu ya meza iliyonyooka. Kona moja ikiinuka peke yake, umenyongeka. Ncha zote mbili zikiinuka, umepinda kwa bapa. Ukiwa umelala vizuri lakini ubavu wake una tao, umepinda kwa ubavu. Ukiwa na bonde katikati ya upana, umejikunja. Haya manne hayana sababu moja, na dawa ya moja haitibu lingine.

Kunyongeka kunatoka moyoni mwa mti. Pete kama kumi za mwanzo za msindano ni mbao changa: nyuzi zake zinazunguka shina kama kamba iliyosokotwa, na zikikauka zinajisokota zaidi. Ubao wenye kiini ndani yake utanyongeka tu, hata ukiupasua kwa mashine ya mamilioni. Ndiyo maana miti inayovunwa ikiwa na miaka minane au kumi haina ponapona, yote ni mbao changa. Kata vipande vifupi vya masanduku, usijidanganye na kenchi. Gogo kubwa ndilo lenye faida hapa. Pasua upande mmoja mbao mbili tatu, ligeuze, pasua upande wa pili, geuza tena, na tena. Kiini kinabaki ndani ya mhimili mmoja wa nne kwa nne au sita kwa sita, ambao utapasuka nyufa lakini hautaharibu mbao nyingine. Zile za nje, karibu na gome, ndizo za milango na meza.

Kupinda kwa ubavu kuna sababu mbili. Ya kwanza, ubao umepita kandokando ya kiini, ubavu mmoja mbao changa na mwingine mbao pevu, kila ubavu unasinyaa kwa kiasi chake. Ya pili ni mti ulioota mteremkoni ukiegemea. Tazama ncha ya gogo: kiini hakiko katikati, na upande uliokuwa chini una pete pana zenye wekundu. Mbao za upande huo husinyaa hadi kwa urefu, jambo ambalo mbao ya kawaida hailifanyi kwa kiasi cha kuonekana. Zitenge. Zifanye vigingi au kuni, lakini zisiingie kwenye paa la mtu.

Kujikunja si ugonjwa sana. Mbao husinyaa kufuata pete karibu mara mbili ya inavyosinyaa kukatiza pete, kwa hiyo ubao mpana unapata bonde upande uliotazama gome. Ukitaka meza ya ubao mpana wa saipresi, chagua uliopita karibu na katikati ya gogo, toa kiini, tumia pande mbili zilizobaki. Pete zake zitasimama wima ukizitazama nchani.

Kupinda kwa bapa, mara tisa kati ya kumi, ni kosa la anayezipanga mbao zikauke. Sina huruma naye. Mbao mbichi ni kama yule samaki anayekunjwa angali mbichi: vyovyote utakavyoilaza, ndivyo itakavyokauka. Msingi uwe juu ya ardhi, magotini au karibu yake. Vijiti viwe vikavu, vya unene mmoja, milimita 20 hadi 25, kila futi moja na nusu au mbili, na kila kijiti kikae juu kabisa ya kile cha chini yake, wima hadi kwenye tofali la msingi. Kijiti kikihama nusu futi, uzito wa mbao za juu unaingia kwenye hewa tupu na ubao unafuata. Ncha zisining'inie. Juu weka mabati au mabanzi, na juu yake mawe mazito, maana mbao za safu ya juu hazina wa kuzikandamiza. Zile mbao zilizosimamishwa kama herufi A barabarani zinakauka haraka, sikatai. Ila nenda ukazitazame jioni, upande wa jua na upande wa kivuli.

Bluu

Michirizi ya bluu au kijivu kwenye mbao nyeupe ya msindano ni kuvu. Inaingia kwenye gogo kupitia ncha, makovu ya gome, na mende wadogo wa chini ya gome wanaoibeba. Inapenda mbao yenye maji na joto. Gogo lililolala porini wiki tatu wakati wa masika limeshaingiwa, hata kama nje linang'aa.

Je, mbao imeoza? Haijaoza. Bluu inakula vyakula vilivyobaki kwenye seli, haili mbao yenyewe, na nguvu za ubao hazipungui kwa kiasi cha kukutisha. Tofautisha na uozo: chomeka ncha ya kisu na kubandua. Mbao nzima inatoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Iliyooza inakatika vipande vifupi kama biskuti.

Na utofautishe na ukungu. Ukungu unakaa juu, randa ikipita mara moja umeondoka. Bluu imeingia ndani, piga randa hadi ubao uishe. Wanaosugua kwa jiki wanapoteza jiki.

Sababu ukiitafuta iko kwenye siku. Uliangusha lini, ulipasua lini, ulipanga kwenye vijiti lini? Masika mimi siangushi mti ambao sitaupasua ndani ya siku chache. Ubao uliopasuliwa asubuhi unapangwa jioni ile ile, haulali bapa juu ya bapa hata usiku mmoja. Na kuna bluu inayozaliwa safarini: mbao mbichi zinabanwa ndani ya lori, turubai juu, zinaondoka Mafinga zikiwa nyeupe na kuteremka zaidi ya kilomita 500 kwenda kwenye joto la Dar es Salaam. Lori likiharibika njiani, mlima Kitonga, siku mbili, mteja anafungua turubai anakuta bluu, anampigia simu mpasuaji. Mbao haikusafirishwa mbovu, ilisafirishwa mbichi.

Saipresi haishikwi na bluu kirahisi namna hiyo. Yenyewe ilipata balaa la vidukari, vilivyoonekana Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, vikakausha miti ikiwa imesimama. Ukiona saipresi imeanza kukauka, ipasue mapema, maana mti uliokufa wima hupata nyufa na wadudu wa kutoboa kabla hujapata nafasi ya kuukata.

Nyufa za ncha hazihitaji maneno mengi. Ncha inakauka kabla ya katikati. Paka rangi ya mafuta iliyobaki stoo siku ile ile ya kukata, na pasua gogo likiwa na inchi nne za ziada.

Dawa imebaki nje

Umenunua mbao za kijani, zile zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu, umekata katikati, ndani nyeupe kama muhogo. Kuna sababu tatu. Huenda zilichovywa tu kwenye pipa la rangi. Huenda zilisukumwa dawa kwa presha kweli lakini zikiwa na maji, na mahali palipojaa maji dawa haipati pa kukaa. Au ni moyo wa saipresi, ambao hauinywi dawa vizuri hata kwa presha, ingawa wenyewe unavumilia wadudu kuliko mbao nyeupe ya msindano. Pima kwa kukata katikati ya ubao, kamwe si nchani, kwa sababu nchani dawa huingia daima.

Kujua kama mbao imekauka vya kutosha, huhitaji mashine. Kata kipande cha upana wa vidole viwili, futi moja kutoka nchani. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Kiweke ndani ya oveni kwenye nyuzi 103 hadi uzito ukome kupungua, pima tena. Kilikuwa gramu 184, kimekuwa 160: maji yaliyotoka ni gramu 24, gawa kwa 160, ni asilimia 15. Kwa dawa ya presha, chini ya asilimia 25 inatosha. Kwa mlango au kabati, ngoja ifike 15 au chini yake. Ikizidi 30 maana yake kusinyaa hakujaanza kabisa, na fundi anayeipigilia leo ataitwa tena.

Zilizobaki ziende wapi

Mbao ya bluu iliyonyooka inafaa kenchi na papi (zile za kupigilia bati) bila shaka, na kufungia zege ndiyo kabisa. Feshabodi, ubao wa ukingo wa paa, hapana, kwa sababu ya macho ya watu. Yenye mafundo meusi yanayodondoka (hayo ni matawi yaliyokufa kabla mti haujayameza) katia kati ya fundo na fundo, upate vipande vya makasha ya nyanya, mizinga ya nyuki na viti vya shule. Fundo lililo hai lakini linatoa utomvu lipakwe shelaki kabla ya rangi, la sivyo litachungulia kila msimu wa joto. Mabanzi yanakwenda kwenye mabanda ya nguruwe, uzio na tanuri za matofali.

Vumbi na vipande vya mbao ya dawa visiingie jikoni wala kwenye banda la kuku. Dawa ile ya kijani ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu hata kwenye moshi na majivu. Maranda ya kabla ya dawa yawe na gunia lake, lililofungwa, lenye alama.

Hayo safi ndiyo tunayopikia nyumbani. Jiko lake ni debe lenye tundu chini ubavuni, chupa imesimama katikati, kijiti kimepita tunduni hadi kugusa chupa. Unamimina maranda kidogo kidogo na kushindilia kwa mpini wa mchi, unazungusha chupa, unaichomoa taratibu, unavuta kijiti. Moto unawashwa kwa chini na maharage yanaiva bila kuongeza kuni. Likiporomoka katikati ya ugali, hukushindilia. Likifuka moshi wa kutoa machozi, maranda ni mabichi. Yaanike juani siku mbili ndipo ujaribu tena.